Nyuzi Nane Zinatosha: Jinsi ya Kuskiza "En Mana Kuoyo" ya Ayub Ogada, Mtoto wa Mombasa

Kuna ngoma moja ya Kenya pengine ushaiskia mara kadhaa na hujui jina la mwenyewe. Kama uliona filamu ya The Constant Gardener ya 2005, ile ya Ralph Fiennes na Rachel Weisz iliyorekodiwa Kibera na kando ya Ziwa Turkana, umeiskia. Kama wewe ni wa Kanye West na "Yikes" ilikubamba 2018, damu yake umeiskia, maana Kanye alikata kipande kutoka kwa toleo lake la zamani. Ngoma inaitwa "Kothbiro". Msee anaitwa Ayub Ogada. Na hii ndio sehemu inafaa ikushtue ukiwa Liwatoni, Old Town, Majengo ama Likoni: Ayub alizaliwa hapa hapa Mombasa, mwaka wa 1956.

Lakini leo stori si ngoma moja. Stori ni albamu nzima yenye hiyo ngoma: En Mana Kuoyo, iliyotoka 1993 chini ya Real World, lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza. Nyimbo kumi. Mbele kuna sauti ya mtu mmoja na nyatiti yenye nyuzi nane, nyuma kuna vyombo vichache vya kusindikiza, basi. Wasee wengi nikiwapea hii kitu wanaskiza dakika mbili, wananirudishia simu na kusema, "Hii ni ya kulala bana."

Hii makala ni ya hao. Niliacha college kabla sijamaliza, so usitarajie nadharia ya mziki ya vitabuni. Nataka tu kukuonyesha kitu kimoja: uchache wa hii albamu sio umaskini. Ni uamuzi. Ukishajua nini kilitolewa na mbona kilitolewa, utaanza kuskia vitu vilivyokuwa hapo tangu mwanzo.

HUYU MSEE NI NANI HASA?

Jina lake la kuzaliwa ni Job Seda. Baadaye dunia ikamjua kama Ayub Ogada, na ukifikiria vizuri hakuhama mbali, sababu Job kwa Kiswahili ni Ayubu. Familia yake ilikuwa ya Wajaluo. Akiwa mdogo walienda Marekani, wakaishi Chicago kwa muda, kisha wakarudi Kenya. Kwa hivyo masikio yake yalikua na vitu viwili pamoja: mziki wa kwao nyumbani na mziki wa majuu.

Miaka ya sabini alikuwa kwa bendi ya Black Savage kule Nairobi. 1979 akawa mmoja wa walioanzisha African Heritage Band, ile bendi iliyochanganya vyombo vya kiasili na vya umeme. Hata kwa sinema alipita: ukiangalia Out of Africa ya 1985, yumo kama Job Seda. Usimdhani basi ni mzee wa kijijini aliyepatwa chini ya mti na wazungu wenye tepu rekoda. Huyu alikuwa msee wa mji, alijua gitaa, alijua bendi, alijua kamera. Alijua mziki mkubwa unatengenezwaje.

1986 akabeba nyatiti yake akaenda London. Huko alikuwa akipiga kwa vituo vya treni za chini ya ardhi, watu wanapita wanaangusha sarafu. Ni kazi ngumu hiyo. Mtu anakupita kwa sekunde tatu, treni inanguruma, na wewe una chombo cha mti na ngozi. Ndipo akafika masikioni mwa watu wa WOMAD, tamasha ambalo Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na hiyo njia ikamfikisha Real World.

Sasa, msee aliyezoea kushindana na treni ungetarajia akiingia studio apige kelele kisawasawa. Alifanya kinyume. Alishusha sauti. Hapo ndipo albamu inaanzia.

NYATITI NI NINI?

Wengi wetu huku Pwani tunaijua kwa picha tu, kwa hivyo twende pole pole. Nyatiti ni chombo cha Wajaluo. Chini kuna bakuli la mti limefunikwa ngozi ya ng'ombe. Kutoka kwa bakuli zinatoka nyuzi nane zinazopanda hadi kwa mti uliolala juu, hapo ndipo zinafungwa na kukazwa. Mpigaji anakaa chini kabisa, kwa kigoda kifupi, na anadonoa nyuzi kwa mikono yote miwili.

Mikono peke yake haimalizi kazi. Kwa kidole kikubwa cha mguu anavaa pete ya chuma, inaitwa oduong'o, na hiyo anaigonga kwa ukingo wa bakuli. Kwa mguu pia kuna njuga, wenyewe wanaziita gara. Kwa hivyo mtu mmoja ana besi, ana melodi, ana mdundo, ana njuga, na bado anaimba. Ni bendi nzima imekaa kwa kigoda kimoja. Kimila ilikuwa ya wanaume pekee, mpaka watu kama Anyango, mwanamke kutoka Japan aliyeenda kujifunza Ujaluoni, wakaonyesha mlango unaweza kufunguka.

Na hapa kuna kitu cha mtu wa Liwatoni. Zamani nyuzi za nyatiti zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi nyingi ni nailoni, ile ile ya kuvulia samaki. Uzi ambao mvuvi wetu anatupa baharini akingoja changu, mwenzake wa Siaya anaukaza kwa mti na unaimba. Ukipita karibu na wavuvi na uone mtu amevuta mshipi wake ukakaza, udonoe kwa kidole. Hiyo sauti kavu, fupi, yenye kamtetemo kadogo, ndiyo mama wa hii albamu.

AYUB ALITOA NINI?

Hii ndio sehemu watu hukosea. Wanaskia nyatiti wanasema, "Aah, mziki wa kienyeji." Lakini nyatiti ya kienyeji haiko hivi. Jathum, yaani mpigaji wa kimila, ni mtu wa makelele mazuri. Anapiga kwa matanga, kwa harusi, kwa vikao vya pombe. Anaimba kwa nguvu ndio askike juu ya umati, anasifu watu kwa majina, anachekesha, anauma, na anayesifiwa anatoa pesa. Kama umeona MC mkali wa harusi akiita majina ya wajomba mpaka watoe mifuko, hiyo roho unaijua. Chombo chenyewe kinakimbia, kinanguruma.

Ayub alichukua hicho chombo cha umati akakileta karibu na sikio la mtu mmoja. Akapunguza kasi. Akaimba kama mtu anayeongea na wewe usiku wakati wengine wamelala. Umati akautoa. Kuitana majina akakutoa. Kilichobaki ni mzunguko wa nyuzi na pumzi yake.

Unataka ushahidi? Fanya hivi. Tafuta "Kothbiro" ya Black Savage, ile ya bendi nzima, halafu mara moja uweke "Kothbiro" ya En Mana Kuoyo. Wimbo ni ule ule. Koth ni mvua, biro ni inakuja, na ni stori ya mvua inayokaribia na ng'ombe wanaofaa kurudishwa boma. Kwa toleo la bendi unaskia kikundi kiko pamoja, mvua ni sherehe fulani. Kwa toleo la 1993 unaskia mtu mmoja ameangalia mawingu. Maneno hayajahama, lakini maana imehama. Hakuongeza chochote kufanya hivyo. Alipunguza.

Wasanii wengi wakubwa wakipata studio kubwa wanajaza. Huyu alipata moja ya studio kali duniani, akaingia na kile kile chombo alichokuwa akipigia kwa vituo vya treni.

MBONA MASIKIO YETU YANAIKATAA?

Hakuna ubaya ukiiskia mara ya kwanza na ikukatae. Kuna sababu, na si eti wewe huna akili.

Ngoma za siku hizi zinatengenezwa zikiwa zimekazwa: kila kitu kinaletwa juu karibu kiwango kimoja, sauti, besi, makofi, ndio zikipigwa kwa simu ama kwa mat yenye wufa za kutingisha vioo usikose kitu. Sikio likizoea hivyo, linajifunza kwamba mziki unakuja wenyewe, unakugonga kifua. Wewe kazi yako ni kusimama tu.

Mziki wa aina hii, iwe wa Ayub ama wale wazungu wa gitaa moja na kofia ya sufi, unafanya kinyume. Sauti ndogo inaachwa ndogo. Maikrofoni iko karibu na mtu, kwa hivyo kuna kucha juu ya uzi, kuna pumzi kabla ya neno, kuna kimya kidogo katikati. Ukiweka hiyo kitu kwa spika ya simu hapa kwetu saa sita mchana, malori yanaelekea bandarini, tuktuk zinapiga honi na meli nayo inajibu, nusu ya albamu inapotea. Unabaki na ting ting ya nyuzi za juu na unaboeka. Haukuskiza albamu hiyo. Uliskiza mabaki yake.

Kitu kingine ni kurudiarudia. Nyatiti inazunguka: inaanza mstari, inaumaliza, inarudi ulipoanzia. Mtu aliyezoea ngoma zinazongoja "ishuke" anangoja, haishuki, anachoka. Ujanja ni kuacha kungoja. Usifuate mzunguko, fuata kile kinabadilika juu yake: sauti inaingia wapi, inakawia wapi, neno linavutwa hadi wapi. Ni kama mawimbi pale Mama Ngina. Hakuna mtu hukaa pale akingoja bahari ifike mwisho.

"LAKINI MIMI SIJUI KIJALUO"

Hii naiskia sana, na kwa heshima zote, kwa mtu wa Mombasa hii sababu haisimami.

Mji huu umelelewa na nyimbo ambazo watu hawaelewi maneno. Wazee wa Old Town walilia na Umm Kulthum na Kiarabu chao kilikuwa cha madrasa tu. Nyimbo za sinema za Kihindi zilijaa hapa mpaka marehemu Juma Bhalo, mfalme wa taarab, akachukua melodi za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, na watu wakampenda hadi alipofariki 2014. Hakuna aliyeuliza kwanza kama anajua Kihindi.

Na kama umewahi kukaa na mziki wa marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na fundi wa udi aliyeishi na kufanya kazi Mombasa, masikio yako tayari yako nusu ya njia. Skiza albamu yake Mtindo wa Mombasa ya 1990. Udi unaongea kwanza, mwimbaji anangoja zamu yake, uzi mmoja unabeba huzuni nzima. Nyatiti na udi ni watoto wa nyumba tofauti, lakini tabia moja: nyuzi chache, mkono mjuzi, na mskilizaji anayetakiwa kunyamaza.

Kuna kitu kizito zaidi hapa. Mji wetu umewahi kumwaga damu juu ya swali la nani ni mwenyeji na nani ni wa bara. Agosti 1997, Likoni, muulize mtu yeyote mkubwa nyumbani kwenu. Hadi leo ukitaja mtu wa jina la Kijaluo kuna msee atakwambia "huyo ni wa bara" hata kama kazaliwa Mombasa na babake amefanya bandarini maisha yake yote. Ayub Ogada ni mtoto wa huu mji. Aliimba Kijaluo na dunia ikamskiza. Kumuita wetu hakumnyang'anyi Kisumu kitu. Kunatuongezea sisi.

SASA, UNAISKIZA VIPI?

Hii ni njia yangu. Badilisha ukitaka.

Kwanza, hedifoni, hata zile za bei ya chini za barabarani. Na usifungue sauti sana. Mziki mdogo ukiupandisha kwa nguvu unakuwa mkali, sio mkubwa. Weka chini mpaka ulazimike kuinamisha kichwa kidogo. Hapo ndipo inakaa.

Pili, ngoja usiku. Kwetu saa tano ikipita, malori yakipungua, ndio saa yake. Ama alfajiri kabla ya mji kuamka.

Tatu, usianze na wimbo wa kwanza. Anza na "Kothbiro", namba saba, kwa sababu mwili wako unaijua tayari. Mzunguko wa kwanza skiza nyuzi tu. Wa pili skiza sauti tu. Wa tatu acha zote ziingie, uone vile sauti haikimbizani na nyuzi. Zinaenda kama wazee wawili wanatembea pamoja na kila mmoja na hatua yake.

Nne, rudi kwa "Thum Nyatiti". Jina ni kama kusema "mziki wa nyatiti". Hapa kazi yako ni kutenganisha nyuzi nzito na nyepesi. Mkono mmoja unafanya nini, mwingine unafanya nini? Ukizitenganisha mara moja, hutaskia tena nyatiti kama kitu kimoja.

Tano, pita "Dala", maana yake nyumbani, "Chiro", soko, na "Ondiek", fisi. Skiza hayo majina. Nyumbani, soko, mvua, fisi. Hakuna jina la klabu, hakuna jina la gari. Ni vitu vya kila siku vya mtu aliyekuwa mbali na kwao wakati anarekodi. Msee ako Uingereza, kwa kijiji cha Box, na anaimba soko na mvua. Kama una ndugu Doha ama Jeddah anayekupigia simu kuuliza tu kama mwembe wa nyumbani umezaa, unajua hiyo hali.

Mwisho, wimbo wa kumi, uliopea albamu jina. En mana kuoyo: ni mchanga tu. Jina gani hilo la kuweka kwa albamu yako ya kwanza ya kimataifa? Wengine huita zao dhahabu, almasi, mfalme. Huyu akasema mchanga. Mimi nalisoma hivi: kitu kimetapakaa kila mahali, hakina bei, mtoto anacheza nacho, na bado ndicho kimeshikilia ufuo mzima. Wewe unaweza kulisoma tofauti. Albamu inakuachia nafasi.

UKIIPENDA, NENDA WAPI?

Nenda kwa Geoffrey Oryema wa Uganda, albamu Exile, 1990, lebo hiyo hiyo ya Real World, prodyuza Brian Eno. Babake alikuwa waziri aliyeuawa 1977 wakati wa Idi Amin, na yeye mwenyewe akatoroka Uganda amefichwa ndani ya gari. Jina la albamu, uhamisho, sio la urembo. Alifariki 2018, na miezi michache baadaye Ayub akamfuata, tarehe 1 Februari 2019, kule Kisumu. Wawili walioonyesha dunia kwamba Afrika Mashariki inaweza kuongea polepole na iskike, na wote wakaenda ndani ya mwaka mmoja.

Kisha rudi nyumbani, skiza Mwanzo ya Sauti Sol, 2008. Kabla ya video kubwa na viwanja kujaa, ilikuwa gitaa la Polycarp na sauti za vijana wanapangana. Utaona kwamba hata walioishia wakubwa walianza na vichache.

HII INAKUHUSU VIPI WEWE?

Naandika hii nikiwafikiria mabarobaro wa hapa kwetu wenye gitaa moja la nyuzi tano, ya sita ilikatika na haijanunuliwa. Kila mmoja ana nyimbo kwa simu. Kila mmoja anakwambia hajatoa kwa sababu hana pesa ya biti, hana pesa ya prodyuza, hana pesa ya video. Anangoja. Mwaka unaisha, nyimbo zinazeeka kwa simu, simu inaibiwa, stori inaishia hapo.

Sisemi pesa haina maana. Ayub naye alihitaji studio na lebo ndio amfikie mtu wa Tokyo. Ninachosema ni kwamba kitu kilichomtoa kwa ile njia ya treni kilikuwa tayari mkononi mwake akiwa hajapata shilingi ya mtu. Studio haikumuongezea nyuzi ya tisa. Ilichofanya ni kuweka maikrofoni karibu na kuondoka njiani.

Kwa hivyo leo usiku, mtaa ukitulia, weka hedifoni na uanze na namba saba. Ikikukatae, jaribu tena kesho sauti ikiwa chini zaidi. Ikikubali, itumie huyo msee wa gitaa la nyuzi tano. Mwambie aiskize yote, halafu arekodi zile nyimbo zake vile ziko.